Piano Iliyotelekezwa: Je, Ni Haki Kuongeza Bei?

SWALI: Mimi ni fundi wa kurekebisha sauti za piano. Mteja alikubali bei ya kawaida, lakini nilikuta piano imetelekezwa miaka mingi na sauti imeshuka karibu nusu toni. Je, nimwongezee bei?

JIBU: Mwongezee, ndugu, mradi umweleze kabla hujaanza kazi. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na kadiri unavyozikaza ndivyo ubao wa sauti (ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi) unavyolemewa, hata zile za mwanzo zikashuka tena. Hivyo hulazimika kuipitia yote mara mbili. Mlipishe huo mzunguko wa ziada, wala usipime unene wa pochi yake. Mpigie noti iitwayo “la” (A) sambamba na uma wa sauti, kile chuma cha kupimia sauti, wa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), asikie tofauti mwenyewe. Waya zenye kutu huweza kukatika. Kubalianeni mapema nani atagharamia.