Bati jeusi, bati jeupe

Ndugu, rangi ya bati si urembo tu. Bati jeupe jipya hurudisha kama asilimia 70 au zaidi ya mwanga wa jua, jeusi halifiki hata 10, na mwanga linaoumeza hugeuka joto, ambalo sehemu yake hushuka kichwani mwako. Jua la saa nane, paa la rangi nzito linaweza kupita nyuzi 65, jeupe likabaki chini yake kwa nyuzi 20 na ushei. Ndani ya chumba tofauti ni ndogo zaidi, nyuzi chache tu, lakini mwili unazijua.

Mimi ni fundi wa mabati hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kiangazi cha Januari nikiwa juu ya bati la maruni, lazima nikalie gunia; kwenye jeupe naweka kiganja bila shida.

Anayesema bati la kung'aa lisilopakwa rangi linatosha amepata nusu. Linarudisha mwanga vizuri likiwa jipya, ila joto lililokwisha kuingia halilitoi haraka, ndiyo maana huchoma mkono hivyo. Jeupe hufanya yote mawili.

Ila vumbi jekundu la barabara zetu hulifanya jeupe liwe kahawia, na faida hupungua mpaka mvua ilioshe au upande na ufagio. Na kama una dari na matundu ya hewa chini ya paa, rangi haitakusumbua sana. Wenzangu wa Kabale, huko milimani kusini-magharibi, kwa baridi ile, pakeni mnayotaka.