Nyavu za mbu kwenye HiAce ya kulala: tatizo liko ukingoni

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi na mume wangu tuna HiAce. Tumeng'oa siti za nyuma tukaweka kitanda na kabati, na wikiendi tunalala ufukweni upande wa Pangani na mtoto wetu wa miaka minne. Tukifunga vioo tunaoga jasho, tukifungua tunaliwa na mbu. Tulibandika kipande cha chandarua cha zamani kwa velkro ya gundi kwenye dirisha la pembeni, lakini bado wanaingia, na velkro yenyewe inabanduka ikifika mchana. Mwezi wa saba tunataka kwenda Tarangire. Tununue wavu gani, na tuufunge vipi?
Msomaji, Tanga

Jibu: Dada, msikilaumu chandarua. Chandarua cha kawaida cha poliesta kina matundu yapatayo 156 kwa kila inchi ya mraba, na mbu hapenyi hapo. Wanaowala wanapita pembeni. Nyavu nyingi za magari ninazoletewa kurekebisha zina kasoro hiyo hiyo: wavu mzuri, mshono mzuri, halafu ukingoni kuna mwanya wa kupitisha penseli. Mbu anafuata hewa mnayoitoa mkipumua, na ana usiku mzima wa kuutafuta huo mwanya.

Anzeni na dirisha lenyewe. Madirisha ya pembeni ya HiAce nyingi ni ya kusukuma. Sukumeni kioo kimoja hadi nusu, kisha mtazame pale vioo vinapopishana. Kati ya kioo na kioo kuna upenyo wima, juu hadi chini, kwa sababu ule mpira unaoziba hufanya kazi dirisha likiwa limefungwa tu. Nadhani kipande chenu kimefunika ile nusu iliyo wazi peke yake. Mbu anatua kwenye kioo kwa nje, anajipenyeza katikati ya vioo viwili, anatokea kitandani. Tazameni pia reli ya chini, mtaona vitundu vya kutolea maji ya mvua. Navyo ni njia. Msivizibe kwa silikoni, la sivyo mvua ikinyesha maji yatajaa kwenye reli na kumwagikia godoro. Wavu wenu ushike kwenye bodi ya gari, kwa ndani, uzunguke dirisha zima: vioo vyote viwili pamoja na reli.

Sasa aina ya wavu. Kwa mbu na nzi peke yao, wavu wa madirisha ya nyumba unatosha. Una nyuzi 18 kwa 16 kwa inchi, na matundu yake yamezidi milimita moja kidogo. Lakini ninyi mnalala Pangani, na karibu na mikoko kuna usubi. Mdudu huyo ana urefu wa milimita moja hadi mbili, na mwili wake mwembamba unapita kwenye wavu wa nyumba na hata kwenye chandarua kama hamjaweka kitu. Tafuteni wavu wa nyuzi 30 kwa inchi. Muuzaji akiwaambia "huu ni ule mdogo kabisa" msimwamini kwa maneno: wekeni rula juu ya wavu mhesabu nyuzi ndani ya sentimita moja. Zikiwa saba, huo ni wa nyumba. Zikifika kumi na mbili, ndio wenyewe.

Wavu mdogo hivyo unapunguza upepo, na joto la Tanga mnalijua kuliko mimi. Kwa hiyo wekeni nyavu pande zote mbili za gari ili hewa ipite, mlaze ubavu wa gari kuelekea baharini, maana kaskazi na kusi zote huko kwenu zinatoka upande wa bahari, na mfunge feni ndogo ya volti 12 juu ya kitanda. Usubi hawana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo, hivyo feni itawasaidia mara mbili. Chagueni poliesta nyeusi. Nyeusi mnaona nje vizuri zaidi kuliko nyeupe, na poliesta inavumilia kukunjwa. Ya faibaglasi huanza kukatika nyuzi kwenye mikunjo, na ya waya wa chuma hailali bapa, tena chumvi ya bahari itaila.

Vipimo msichukue kwa futi kamba peke yake, kwa sababu kona za dirisha la gari zimeviringwa. Bandikeni kadibodi kwa ndani, chora ukingo, kata, jaribu, punguza hadi ikae sawa. Kisha ongezeni sentimita nne kila upande kwa ajili ya kushikia. Mwambieni fundi cherehani asipinde wavu wenyewe, maana uzi wa mshono utauchana. Azungushie utepe wa kitambaa kigumu, kile cha kushonea mabegi, upana wa sentimita nne, uukumbatie wavu mbele na nyuma. Ndani ya utepe huo ndimo kishikio kitakapokaa.

Kishikio kinategemea mmekuta nini ukutani. Pitisheni sumaku yoyote kuzunguka dirisha. Inaponata kuna chuma. Isiponata ni plastiki au alumini.

Penye chuma, nendeni kwa fundi friji mwombe mpira wa mlango wa friji bovu. Ndani yake kuna ukanda wa sumaku unaochomoka kama kamba bapa. Ukateni, muuingize ndani ya utepe. Mimi naupenda kuliko zile sumaku ndogo za duara ambazo watu huzishona kila sentimita kumi, kwa sababu kati ya sumaku na sumaku kitambaa hujikunja na kuacha mdomo wazi, na mdomo huo ndio mwanya niliousema pale juu. Ukanda wa friji hauna nguvu sana, ila unashika mfululizo. Ongezeni sumaku za duara kwenye kona nne na katikati ya kila upande ili upepo usiubandue. Faida nyingine: likitokea la kutokea, mnausukuma kwa kiganja na unaanguka, dirisha liko wazi. Kwa gari lenye mtoto ndani hilo si jambo dogo. Msipigilie wala kufunga wavu wowote kwa skrubu.

Penye plastiki tumieni velkro, lakini si kwa gundi yake. Gari likishinda juani gundi hiyo inalainika na kuteleza, ndiyo maana yenu inabanduka mchana. Nunueni velkro isiyo na gundi. Plastiki ipigeni msasa laini, futeni kwa spiriti, pakeni gundi ya viatu pande zote mbili, subirini hadi ukigusa isishike kidole, kisha mkandamize. Msitundike kitu hadi kesho yake. Upande wa miba ubaki kwenye gari, wa manyoya ushonwe kwenye wavu; mkifanya kinyume, miba itakamata wavu kila mnapoukunja na kuuchana.

Milango ya mbele ni rahisi. Shoneni mfuko wa wavu wenye umbo la nusu ya juu ya mlango, mfungue mlango, mvishe kutoka juu, mfunge, kisha mshushe kioo. Mvua ikinyesha vueni, kwa sababu kitambaa kinachobanwa na mpira wa mlango hunyonya maji hadi ndani. Na msiendeshe gari milango ikiwa imevishwa. Vioo vya pembeni hamtaviona vizuri.

Mlango mkubwa wa kusukuma ndio unaoingiza mbu wengi, kwa sababu ndio mnaopitia. Tundikeni mapazia mawili ya wavu yanayopishana katikati kwa sentimita ishirini hivi, na kwenye upindo wa chini mtie chubwi za wavuvi, ambazo Pangani hazikosekani. Uzito wake utayarudisha mahali pake mtoto akipita mbio.

Mkimaliza, jaribuni usiku. Mmoja akae ndani gizani, mwingine apitishe tochi nje taratibu kando ya upindo. Kwenye wavu mwanga utatawanyika. Penye mwanya mtauona umekatika kama mstari mkali. Pawekeeni alama kwa chaki.

Tarangire ni habari nyingine. Huko adui wa mchana ni mbung'o, hufuata gari linalotembea, na hujaa pale mnapopunguza mwendo. Mkiwa njiani fungeni vioo, nyavu ni za kambini. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi; ndiyo maana mtaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa porini kama mitego. Wavu mwembamba mweusi haunitishi, ila mapazia ya bluu yaacheni nyumbani. Naye mtoto asilale ameegemea wavu, kwa sababu mdudu hahitaji kuingia ndani. Anauma akiwa nje, mdomo wake ukipita kwenye tundu. Wekeni mto kati yake na dirisha.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata nyavu zote zikiwa wazi, kwa sababu ya hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo iwekeni nje, upande upepo unakoelekea.

Nyavu zitundikeni saa kumi na moja jioni, kabla ya mbu kutoka, mkiwa bado mnatafuta sehemu ya kupikia. Mkirudi Tanga zisuuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mzianike kivulini, mziviringe bila kuzikunja. Sumaku za duara zikianza kuacha doa la kutu kwenye utepe, zibadilisheni mapema kabla hazijachora rangi ya gari.