Muulize Fundi: Plasma Inayovuma Molo

Swali: Hujambo fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Molo. Watoto wamenichangia TV ya plasma ya inchi 42, Panasonic iliyotumika Uingereza, wakainunulia Nakuru mjini. Dukani ilikuwa kimya. Hapa nyumbani inavuma kama mzinga wa nyuki, na picha ikiwa na weupe mwingi mvumo unazidi. Muuzaji anasema ni umeme wetu. Niirudishe? Na nikibaki nayo, nianze vipi ili idumu? *Mwalimu, Molo*

Jibu: Sijambo, mwalimu, na hongera kwa watoto wanaokumbuka. Umeme wa Molo una lawama zake, lakini hii si mojawapo. Kinachovumisha TV yako ni mwinuko.

Ndani ya kioo cha plasma mna vijumba vidogo mno vilivyojazwa gesi za neoni na zenoni. Umeme ukiipiga gesi hiyo, hutoa mwanga ambao macho hayauoni. Mwanga huo hugonga fosfori, ule unga unaong'aa uliopakwa ndani ya vijumba, na fosfori ndiyo inayokupa rangi. Vijumba vyote vimebanwa kati ya vioo viwili, na gesi yake ina kani ndogo kuliko hewa ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hewa ya nje ndiyo inayovikandamiza vioo hivyo vikae imara. Nakuru mjini iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Molo inakaribia 2,500, na huko kani ya hewa imebaki takriban robo tatu ya ile ya Mombasa. Mkandamizo ukilegea, vioo hutetemeka kila umeme unapopiga. Picha nyeupe huwasha vijumba vingi kwa nguvu zaidi, ndiyo maana unasikia mvumo ukipanda. Wenzako wa Kisumu, mita 1,130 hivi, hili hawalijui kabisa.

Kitabu cha maelezo huonyesha mwisho wa mwinuko ambao TV ilitengenezewa, na hutofautiana modeli kwa modeli. Kama Molo imepita hapo, mwombe muuzaji akubadilishie na LED, nawe usikubali hadithi ya umeme. Kama haijapita, fanya hivi: jioni, weka sauti yako ya kawaida ya kusikilizia habari. Ukiusikia mvumo juu ya mtangazaji, irudishe. Usipousikia, kaa nayo. Kupunguza mwangaza na kontrasti pia hupunguza kelele.

Sasa kuanza. Natumai ilisafiri ikiwa imesimama wima. Nimeona watu wakiilaza plasma kwenye pikapu chini ya magunia ya viazi, kisha wanashangaa kioo kupata ufa. Kioo kile ni kizito na hakipendi kulazwa barabarani. Ikifika kutoka kwenye baridi ya asubuhi ya Molo na kuingia sebule yenye moto, iache masaa kadhaa bila kuiwasha ili unyevu ulioganda ndani ukauke. Iweke mbali na jiko la makaa, na nyuma yake uache angalau sentimita 10 za hewa, maana plasma hutoa joto jingi. Kuitundika kwenye ukuta wa mbao mimi siungi mkono, labda fundi seremala aifunge kwenye nguzo zenyewe. Meza imara inatosha.

King'amuzi utakihitaji. TV nyingi za Uingereza za wakati huo zina kipokeaji cha dijitali cha aina ya zamani, wakati Kenya inarusha kwa aina mpya zaidi, DVB-T2. Unganisha kwa waya wa HDMI, si ule wa pini tatu za rangi, utaona tofauti mara moja.

Halafu kuna ule ushauri wa kuitumia plasma kwa upole masaa 100 ya kwanza. Ushauri huu ulikuwa wa plasma iliyotoka kiwandani, kwa kuwa fosfori ikiwa mpya huchakaa haraka zaidi. Yako imeshatumika, lakini mimi bado ningeifuata desturi hiyo: toa ile hali ya picha iliyoandikwa Dynamic au Vivid, ambayo ni ya kuvutia wateja dukani, uweke ya Cinema. Jaza kioo chote, usiache michirizi myeusi pembeni. Na msomaji mwingine akiambiwa plasma yake ni "mpya kabisa", ajue kwamba Panasonic ilitangaza kuacha kuzitengeneza mwaka 2013, na Samsung na LG mwaka uliofuata.

Kuhusu tokeni: tazama kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa wati 250, masaa manne ni uniti moja. Pensheni iko kwako, hesabu ni yako.

Swali: Fundi, nina hoteli Kondele, Kisumu. Plasma iko ukutani, wikendi wateja wanajaa kutazama mpira. Siku hizi hata nikiweka habari naona kivuli cha kile kisanduku cha mabao kwenye kona. Fundi mmoja anataka pesa abadilishe "saketi ya rangi". *Mama Hoteli*

Jibu: Mama, shikilia pesa zako. Hakuna saketi ya rangi itakayofuta hicho kivuli.

Picha isiyosogea huchosha vijumba vilevile kwa muda mrefu huku majirani zao wakipumzika. Mara nyingine ni uchovu wa muda tu, mara nyingine fosfori imechakaa na hairudi. Utajua hivi: Jumatatu hoteli ikiwa shwari, weka picha zinazosogea zilizojaa kioo chote, filamu au muziki, ziende mchana mzima. Kivuli kikififia, endelea hivyo siku zinazofuata. Kikibaki vilevile, umekipata milele, na dawa pekee ni kioo kingine, ambacho bei yake haina maana kwa TV ya umri huo.

Kwa mechi zijazo, shusha kontrasti. Wateja watalalamika dakika mbili, kisha goli litaingia na watasahau. Wakati wa mapumziko badilisha stesheni. Menyu ya king'amuzi usiiache ikisimama usiku kucha. Ndani ya mipangilio tafuta pia kile kipengele kinachosogeza picha kidogo kidogo, kiwashe na usikizime tena.

Kwa vile uko karibu na ziwa, angalia matundu ya nyuma. Wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga usiku, hufia kwenye matundu, na hewa inazibwa. Zima, chomoa, iache ipoe, kisha upite na brashi laini kavu. Kama kuna jikoni ya samaki upande wa pili wa ukuta, ihamishe TV. Moshi wa mafuta ukichanganyika na vumbi hunata, na brashi haitafua dafu.

Swali: Kakamega hapa radi haitupi nafasi. Nimenunua gadi ya TV, inatosha? Halafu kioo nikisafishe na nini? Kijana wangu pia ana bisibisi mpya na anataka kufungua nyuma apulize vumbi. *Baba watatu*

Jibu: Ndugu yangu, gadi husaidia umeme unapopanda na kushuka, na unapokatika kisha kurudi kwa kishindo. Radi ikipiga karibu, hupita gadi bila hata kubisha. Wingu la saa tisa likianza kunguruma, chomoa plagi kwenye soketi na uchomoe waya wa antena pia. Wengi huusahau huo wa pili, nao umefungwa juu kabisa ya paa.

Kioo ni kitambaa laini kikavu, TV ikiwa imezimwa na kupoa. Doa likikataa, lowesha kitambaa kidogo kwa maji, usinyunyize chochote kwenye kioo chenyewe. Dawa ya madirisha, spiriti na sabuni ya unga viache mahali pake.

Kifuniko cha nyuma hapana, hata kama plagi imetolewa. Plasma ina kapasita zinazobaki na mamia ya volti baada ya kuzimwa. Huyo kijana mpe redio ya betri iliyoharibika, aifungue mpaka achoke.