Ukishaiona Sanamu ya Askari, unaelekea wapi?

*Shikamooni wahariri. Mwezi ujao nawaleta wanangu wawili Dar es Salaam, wa miaka 9 na 12. Tunataka kuanzia Sanamu ya Askari, na siku tuliyo nayo ni moja tu. Baada ya pale twende wapi bila kupanda gari?*
Msomaji, Morogoro

Marahaba, dada. Sanamu yenyewe ni ya dakika kumi, kwa hiyo ifanyeni kituo cha njiani.

Mkija na treni ya SGR ya asubuhi mtashukia katikati ya mji. Tembeeni hadi Mnara wa Saa, uliojengwa Dar es Salaam ilipofanywa jiji mwaka 1961, kisha shikeni Mtaa wa Samora na msiuache. Utawafikisha kwenye mzunguko wa magari ambapo askari wa shaba amesimama tangu 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Magari huingia kutoka pande nne, na pikipiki haziheshimu upande wowote. Pigieni picha ukingoni mwa barabara, tena simu ishikwe kwa mikono miwili. Anayetaka kusoma maandishi ya kwenye nguzo aje Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa na barabara ina nafasi.

Endeleeni na Samora hadi mwisho wake, kwenye Bustani ya Mimea. Ng'ambo yake, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiko yaliko Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 1940. Hapa msiharakishe. Mkubwa atavutiwa na habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na za utawala wa Wajerumani. Mdogo, kwa kawaida, hukwama kwenye magari ya zamani ya viongozi. Nje, bustanini, kuna ukumbusho wa shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, na wengi hupita bila kuuona. Njoo na kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Tengeni saa mbili.

Jua likipungua makali rudini kwa njia ya baharini, Kivukoni. Mtapita Kanisa la Azania Front, ambalo wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga 1898, na mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Malizieni Boma la Kale, karibu na boti za Zanzibar. Sultani Majid alilijenga miaka ya 1866 na 1867. Waonyesheni watoto kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na mlango wa nakshi. Hapo stesheni haiko mbali.

Kosa la wengi ni kuanza saa sita mchana, wakafika makumbusho watoto wameshachoka na hawataki kusikia lolote. Lingine ni kupiga picha ovyo upande wa Ikulu, bandari au pantoni. Utasimamishwa, na maelezo yatakula muda kuliko matembezi.

*Babu yangu huiita sanamu hiyo "Bismini". Jina hilo limetoka wapi, na kwa nini pale asimame askari peke yake wakati waliokufa katika vita hivyo wengi walikuwa wapagazi?*
Msomaji, Temeke

Babu yako ana kumbukumbu ndefu. Bismini ni Wissmann kwa matamshi yetu. Zama za Wajerumani mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyepata kuwa gavana: yeye juu, askari Mwafrika chini yake akimtazama. Waingereza walipouteka mji 1916 waliing'oa wakaipeleka London. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Jina tu ndilo lililobaki Dar, likahamia kwa askari aliyepandishwa juu ya nguzo.

Swali lako la pili ni zito. Nairobi na Mombasa zina sanamu za mchongaji yuleyule, James Alexander Stevenson, na pale Nairobi mpagazi yumo. Ya Dar inamkumbuka kwa maneno peke yake. Maandishi hayo yaliyotungwa na Rudyard Kipling yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kirumi na cha herufi za Kiarabu. Hao wabeba mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waingereza waliwaita Carrier Corps. Litamke jina hilo haraka haraka mara tatu, utajikuta umefika Kariakoo, mahali ilipokuwa kambi yao. Kwa maoni yetu, aliyeiona sanamu bila kufika Kariakoo ameona nusu ya ukumbusho. Kutoka mzungukoni ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, ambako utaukuta pia Mnara wa Mwenge. Mkoba uwe mbele, kifuani.

*Samaki wa soko la Feri, Dar: niende saa ngapi, na nisiibiwe vipi kwenye bei?*
Msomaji, Dodoma

Alfajiri, mnada ukiwa moto. Mnadani samaki huuzwa kwa fungu au ndoo, si kwa mahitaji ya mtu mmoja, kwa hiyo ungana na wenzako wawili watatu au nunua mezani kwa wachuuzi. Bonyeza nyama: ikirudi, ni mbichi, shimo likibaki, pita. Matamvua yawe mekundu, macho yaangaze. Kupara magamba na kukaanga ni malipo mengine mbali na bei ya samaki, na watu wawili tofauti hulipwa. Ulizia yote matatu kabla hujatoa pesa. Vaa viatu visivyoteleza, sakafu huwa maji matupu. Kwa safari ya Dodoma usimchukue aliyekaangwa nusu: mkaushe kabisa, au mweke kwenye boksi la barafu na umwage maji yanayoyeyuka njiani.