Akitoka gerezani, angalia mwezi kwanza

Nilivaa sare ya Jeshi la Magereza miaka 26, mingi kati ya hiyo huku Kanda ya Ziwa. Sasa nafuga kuku Igombe. Haupiti mwezi bila mzazi kubisha hodi: "Baba, mwanangu anatoka gerezani karibuni, kesi ya unga, heroini. Nifanyeje?" Mama mmoja alikuja na soda na karanga za kukaanga, utadhani amekuja kuposa. Nimeona niyaandike ninayowaambia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa na miaka minne tu kazini, katika gereza nisilolitaja, tuliletewa mahabusu kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, mvuvi wa dagaa, mwembamba kama kasia. Asubuhi ya pili hakusimama kwenye hesabu. Alikuwa anapiga miayo bila kukoma, kamasi zinachuruzika, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa, na jua la Mwanza lile linawaka. Nikamwambia asiniletee maigizo, nikamtuma akachote maji. Akadondoka na ndoo. Nyampara, mzee wa kesi ya ng'ombe, akanivuta pembeni. "Afande, huyu ana arosto. Mdogo wangu nilimwona hivihivi." Yaani mfungwa ndiye aliyenifundisha kazi.

Arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa, huanza kabla nusu siku haijaisha tangu kete ya mwisho, kile kipakiti cha unga. Siku ya pili na ya tatu ndizo zinazomkunja mtu, na kwa wengi wiki ikiisha mwili umeshatulia, ingawa usingizi na hamu ya kula huchelewa kurudi. Anatapika, anahara, maji yanamwisha mwilini, na hapo ndipo anaweza kutufia mikononi. Anahitaji tabibu, maji yenye chumvi na sukari, uji mwepesi, na mtu wa kumwangalia usiku. Adhabu haimpunguzii hata dakika moja.

Kwa hiyo ndugu yenu akikamatwa, msifiche. Nendeni mkamwambie tabibu wa zahanati ya gereza anatumia nini, kwa kiasi gani, na kama anajidunga au anavuta. Najua mnaogopa kumchongea, lakini kesi yake iko kwa hakimu, haiko kwa tabibu. Na kama aliwahi kuanza dawa za kifua kikuu, semeni hilo pia, selo zetu zimejaa na kifua kikuu hakibishi hodi.

Kuna wanaosema tujenge magereza ya kesi za dawa za kulevya peke yake, kama wanavyofanya Indonesia. Mimi sikubali. Ukimweka teja, mtumiaji, aliyekamatwa na kete mbili chumba kimoja na aliyekamatwa na mzigo, umemtafutia mwajiri. Wa kutenganisha ni muuzaji na mtumiaji. Na mgeni mwenye arosto alale karibu na zahanati wiki ile ya kwanza, asitupwe kwenye selo ya watu wengi ambako shuka lake litauzwa kabla hajaamka.

Shamba, useremala, mahubiri ya Jumapili, vyote vizuri, sina maneno mengi. Yule mvuvi wetu alipofungwa miaka 3 aliomba mti, akachonga sindano ya kushonea nyavu kwa kipande cha chupa. Wavu wetu wa mpira wa mikono, ambao ulikuwa matundu matupu, aliushona kwa nyuzi za magunia akiwa amekaa chini, dole gumba la mguu ndilo limeshika kamba. Vidole vilivyokuwa vinatetemeka kwenye ndoo vilikuwa vinafunga fundo bila yeye kutazama. Nilijisemea huyu amepona. Akakaa miaka 2, maana asiyeharibu nidhamu husamehewa theluthi ya kifungo, akatoka amenenepa. Siku ya nne baada ya kutoka akafia maskani, kijiwe cha mateja, nyuma ya vibanda vya dagaa.

Hakutumia zaidi ya zamani. Alitumia kipimo kilekile cha zamani. Mwili uliokaa bila unga umesahau kuustahimili, na kete aliyokuwa anaiona ndogo ndiyo iliyomzimisha pumzi. Wiki mbili za kwanza nje ya geti ni za hatari kuliko kifungo kizima, na hili hakuna aliyemwambia, mimi nikiwa wa kwanza. Tulimpa nguo zake, akatia dole gumba kwenye karatasi, tukamtakia heri.

Na alitoka kwenye giza. Wa pwani ya ziwa mnanielewa: dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, enzi hizo kwa karabai, siku hizi taa za sola. Giza likiingia, mwalo una pesa, na palipo na pesa wauza kete hawakosekani. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, mifuko mikavu. Ndiyo maana mzazi akija kwangu swali langu la kwanza ni hili: anatoka tarehe ngapi, na mwezi utakuwaje? Tarehe mnaweza kuihesabu wenyewe kwa ile theluthi, kisha mhakikishe kwa ofisa wa gereza. Ikiangukia giza, asirudi mwaloni. Apelekwe kwa shangazi Magu, Sengerema, popote pasipo na maskani yake, hadi wiki hizo zipite.

Mwambieni pia, bila kuzungusha, kwamba kipimo cha zamani kitamuua. Mkimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, mlazeni ubavu na mkimbilie hospitali. Maziwa msimnyweshe, yatampalia.

Kuhusu methadoni, dawa ya kunywa anayopewa teja badala ya unga: ilipoanza Muhimbili mwaka 2011 niliibeza, nikasema ni kumtoa mtu kwenye ulevi huu kumtia kwenye ule. Nilikosea. Hapa Mwanza inatolewa hospitali ya Sekou Toure. Mtu anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, na arosto haimrudii. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu aseme, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huipunguza nguvu methadoni na kipimo lazima kipandishwe, la sivyo arosto itamrudisha kwa muuzaji. Kinachowashinda wengi ni nauli. Kila siku, mwezi hadi mwezi. Msimkabidhi nauli ya wiki nzima.

Mtoto wa yule mama wa karanga alitoka mbalamwezi ikiwa kali, kwa kumwomba Mungu na kuhesabu kalenda. Anashona nyavu hapa Igombe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi namwona kituoni, mama yake yuko pembeni na nauli imefungwa kwenye pindo la khanga. Hampi yeye. Anampa konda.