Rozari kwenye sanduku la nyanya

*Mama, pokea salamu kutoka Free Area, Nakuru. Kijana wangu yuko Gredi ya 7, na mwalimu amewaambia waandike ukoo wao hadi kizazi cha nne pamoja na makanisa ya wazee wao. Nimekwama. Karatasi zote za baba ziliungua pamoja na nyumba tuliyokuwa tumepanga, Januari 2008. Babu alikuwa wa Kanisa la Friends (Quaker) huko Maragoli na sisi sote tumelelewa humo. Lakini tulipomzika nyanya 2011, tulikuta rozari kwenye sanduku lake, imefungwa ndani ya leso. Shangazi akasema nyanya alibatizwa Mukumu, kwenye misheni ya Kikatoliki, kabla hajaolewa. Baba mdogo hataki hilo liandikwe. Anasema mke hufuata dini ya mume. Nianzie wapi, na niandike nini? — Mjukuu*

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilirudi kwenye ile leso. Nyanya yako aliolewa, akazaa, akaenda ibada ya Friends Jumapili baada ya Jumapili, na kumbe rozari ipo sandukuni. Hakuitupa wala hakumpa mtu. Hilo litaandikwa. Kijana wako ana haki ya kulijua, na baba yako mdogo pia, ingawa kwa sasa linamuuma.

Anza na huyo shangazi, senge wako, tena upesi, maana vitabu vitakungoja lakini yeye hawezi kukungoja. Usimuulize nyanya alizaliwa mwaka gani. Wazee wetu hawakuhesabu hivyo, atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize nyanya alikuwa na ukubwa gani watu walipomiminika Kakamega kutafuta dhahabu, 1931. Kama alikuwa msichana wa kubeba mtungi mdogo, basi alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Muulize alifundishwa katekisimu na nani, na nani alimsimamia siku ya ubatizo. Mwekee simu irekodi, umwache aseme kwa Kimaragoli chake. Tafsiri utafanya ukirudi Nakuru.

Kisha uende Mukumu. Mapadri wa Kikatoliki wa shirika la Mill Hill walifika Kisumu 1903, Mumias 1904, na Mukumu 1906, kwa hiyo msichana wa umri huo angeweza kabisa kubatizwa pale. Pigia ofisi ya parokia kwanza, umweleze karani unachotafuta. Vitabu vya ubatizo hupangwa kwa tarehe ya kubatizwa, si ya kuzaliwa, na wengi wa rika lake walibatizwa wakiwa wasichana wakubwa, baada ya mafundisho marefu. Usiishie kwenye mwaka mmoja. Tafuta kuanzia 1930 hadi mwaka alioolewa. Vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini: *filia* ni binti, *filius* ni mwana, *matrina* ni mama wa ubatizo. Majina ya kwetu yaliandikwa kama sikio la padri mgeni lilivyoyasikia, kwa hiyo yasome kwa sauti kabla hujasema hayapo.

Ukimpata, tazama pembeni mwa mstari wake. Hapo ndipo huandikwa kipaimara na ndoa. Pakiwa patupu upande wa ndoa, inaelekea hakufunga ndoa Kikatoliki, na hapo utakuwa umeona mahali njia yake ilipogeuka kuelekea kwa babu yako.

Nikuambie kwa nini nakuhimiza hivi. Baba yangu alikuwa katekista, nami nilikulia karibu na soko la Khayega. Kwetu, siku ya mazishi, mzee alisimama akataja ukoo: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, wanaume tisa bila kukosea. Hakuna aliyetaja mwanamke. Nilipokwisha kuwa mtu mzima nilienda kutafuta ubatizo wa nyanya yangu katika parokia moja. Kitabu kilikuwa kimeliwa na mchwa kwenye kona, lakini mstari wake ulikuwa mzima. Jina la baba yake nilikuwa nalijua. Lililonifanya nikae chini ni lile lililofuata, la mama yake, jina wanalopewa watoto wa wakati wa njaa. Wajomba zangu wote hawakuwahi kulisikia. Mama wa nyanya yangu alikuwa hajatajwa na mtu miaka na miaka, na padri mgeni ndiye aliyelihifadhi jina lake kwa wino.

Upande wa babu, usiombe cheti cha ubatizo, utawachanganya bure. Friends hawabatizi kwa maji. Tangu wamisionari wao, akina Hotchkiss, Hole na Chilson, walipoanza misheni ya Kaimosi mwaka 1902, mtu hupokelewa kwa mafundisho na kwa kukubaliwa na mkutano, yaani ushirika wa waumini. Kwa hiyo omba kumbukumbu za mkutano wa mwezi wa kwao: waliopokelewa, waliofunga ndoa, waliohamia mkutano mwingine. Ukishuka Chavakali, barabara ya Kapsabet inakufikisha Kaimosi. Na mwulize baba mdogo kama Biblia ya babu bado ipo. Biblia nzima ya Kimaragoli ilitoka 1951, na nyumba nyingi ziliandika watoto na vifo kwenye kurasa tupu za mwanzo. Fungua hizo kwanza.

Kuhusu baba mdogo, usibishane naye kwenye simu. Nenda nyumbani na sukari na majani ya chai, mpeleke na kijana. Baba mdogo anaogopa, nadhani, kwamba mtasema mama yake hakuwa Rafiki wa kweli. Mwambie hakuna anayesema hivyo. Kanisa la mumewe alilichukua kwa moyo akawalea nyinyi humo. Muombe yeye mwenyewe amsimulie kijana jinsi babu alivyomwoa msichana wa misheni nyingine, siku ambazo watu wa misheni mbili hawakuoana kwa urahisi. Mtoto wa mama yake atakosaje la kusema hapo?

Kwenye karatasi ya shule kijana aandike hivi: nyanya mkuu, alibatizwa Mukumu, akawa wa Kanisa la Friends baada ya kuolewa. Aweke na jina la mama yake nyanya mkilipata. Lisipopatikana aache mstari mtupu, asiufute, ili mwingine aje aujaze.

Likizo ya Agosti inatosha kwa safari hii. Rozari mwende nayo, msiiache Nakuru. Mpe senge aishike mkononi anaposimulia.