Breka zote zinapiga mlio, ipi ni ya kweli?

SWALI: Fundi, nimechomeka kwenye soketi ile transmita (kifaa kinachotuma ishara ndani ya waya) ya kutafutia breka, yaani swichi inayokata umeme wa soketi hiyo, nikaenda na risiva (kinachopokea ishara na kulia) kwenye boksi la breka, sasa inalia kwa breka tatu. Kifaa kibovu?

JIBU: Kizima kabisa ndugu yangu, ni signo, yaani ile ishara, inaruka kwenye waya za jirani maana humo ndani zimebanana, kwa hiyo punguza sensitiviti (wepesi wa risiva kunasa ishara), pitisha risiva taratibu juu ya breka zote ukiishika upande uleule, halafu rudia, inayolia kwa nguvu kuliko zote ndiyo yenyewe. Izime. Mlio ukikata umeipata, ila tafadhali sana usiguse waya kabla hujapima na testa pale pale kwenye soketi, na hiyo testa ijaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme.

Ukitafuta waya uliokatika ukutani, zile transmita za bei rahisi hazifai, zinataka umeme uwepo, tafuta inayotuma signo kwenye waya uliozimwa, fuata mlio ukutani, unapofifia ghafla waya umekatika karibu na hapo, japo hata waya ukizama ndani zaidi mlio hupungua, kwa hiyo pima kuanzia ncha zote mbili za waya kabla hujatoboa ukuta.